Neno la Kiingereza unalodhani unalijua ndilo la kuchunga

MDHAMINI wa mkopo aitwapo kutia sahihi, aghalabu huwekewa mezani karatasi kadhaa zilizoandikwa kwa Kiingereza. Mahali fulani katika karatasi hizo hukutana na maneno matatu yaliyofungamana: "jointly and severally".

Mkenya aliyesoma hadi kidato cha nne hatishiki. Neno "severally" amelisikia tangu utotoni. Walimu hulitumia, wanasiasa hulitumia redioni, na yeye mwenyewe hulitumia anapotaka kusema kwamba amempigia mtu simu mara kadhaa. Kwa hivyo hulipita bila kulitazama mara ya pili, akachukua kalamu.

Lakini katika karatasi ile neno hilo halina maana ya mara kadhaa. Maana yake ni kila mmoja peke yake. Wadhamini wanaotia sahihi kwa maneno hayo hukubali kwamba deni walilolidhamini ni lao wote kwa pamoja, na vilevile ni la kila mmoja wao pekee. Mkopaji akishindwa kulipa, mkopeshaji ana haki ya kumwandama mdhamini mmoja na kumdai deni lote, wala si fungu lake tu. Aliyebanwa hulipa kwanza, kisha ndipo atafute njia ya kuwadai wenzake.

Huo ni mfano mmoja wa shida inayowakabili watu wengi wanaokitumia Kiingereza bila kuzaliwa nacho. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 kinasema Kiswahili ndicho lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ndizo lugha rasmi. Hata hivyo, mikataba ya mikopo, barua za kazi, hukumu za korti na maelezo ya dawa bado huandikwa kwa Kiingereza kwa sehemu kubwa.

Wengi hudhani hatari imo katika maneno magumu na marefu. Mambo sivyo. Neno geni kabisa humshtua msomaji, naye akauliza au akafungua kamusi. Neno linalomponza ni lile lenye sura ya rafiki.

Neno moja, maana nyingi

Maneno mengi ya Kiingereza yanayotumika kila siku hubeba maana mbili au zaidi, na mara nyingine maana hizo hazifanani hata kidogo.

Mwanafunzi "outstanding" ni yule aliyewapita wenzake. Lakini deni "outstanding" si deni bora. Ni deni ambalo bado halijalipwa. Mtu anayeelezwa kwamba ana "interest" katika kampuni huenda ana hisa humo, ilhali "interest" ya benki ni riba. Wakili anayemwomba mteja wake "execute" hati fulani anamtaka aitie sahihi ili iwe na nguvu za kisheria, ingawa kitenzi hicho hicho hutumika kwa mtu anayenyongwa.

Yapo hata maneno yanayojipinga yenyewe. "Sanction" yaweza kuwa idhini na yaweza kuwa adhabu, kama vile vikwazo vinavyowekewa nchi. "Oversight" yaweza kuwa usimamizi, na yaweza kuwa kosa lililotokea kwa sababu msimamizi hakuona.

Hospitalini nako, mgonjwa anayefahamu kwamba "positive" ni neno la heri huenda akafurahi aonapo limeandikwa katika matokeo ya vipimo vyake. Katika maabara, neno hilo humaanisha kwamba kilichokuwa kikitafutwa mwilini kimeonekana. Kadhalika, ugonjwa "chronic" si lazima uwe mbaya kupita kiasi, kama wengi wanavyodhani. Ni ugonjwa unaodumu kwa muda mrefu. Ule unaozuka kwa ghafla huitwa "acute".

Kivuli cha Kiswahili

Chanzo kingine cha makosa ni lugha ambayo msemaji tayari anayo kichwani. Kila lugha huugawa ulimwengu kwa njia yake, na mipaka hiyo haioani.

Kwa Kiswahili, mtu husikia sauti, husikia harufu, husikia njaa, husikia baridi na husikia maumivu. Kitenzi kimoja kinatosha. Kiingereza hutumia "hear" kwa sauti, "smell" kwa harufu, na "feel" kwa maumivu na baridi. Ndiyo maana mtoto wa shule husema kwa Kiingereza kwamba masikio yake yamenasa harufu mbaya, naye hajui kwa nini darasa linacheka.

Kitenzi kuazima nacho, katika mazungumzo ya kila siku, humtosha anayetoa na anayepokea. Mtu husema "niazime kalamu" na pia "nimeazima kalamu". Katika Kiingereza, anayepokea hutumia "borrow" na anayetoa hutumia "lend". Asiyejua tofauti hiyo humwambia mwenzake "borrow me your pen", akidhani ameomba vizuri.

Maneno yaliyokopwa pia huhadaa. Nchini Kenya, hoteli yaweza kuwa kibanda cha mabati kinachouza chai na maandazi kando ya barabara. Neno lenyewe lilitoka ng'ambo, lakini "hotel" ya Mwingereza ni mahali penye vyumba vya kulala. Mgeni aliyeelekezwa hotelini akiwa na masanduku yake huenda akapigwa na butwaa.

Hata adabu huvuka mpaka kwa shida. Mkenya amwonapo mtu akijikwaa husema "sorry", huku moyoni akiwa na neno pole. Mwingereza hulitumia neno hilo kumfariji aliyefiwa, lakini kwa mtu aliyejikwaa aghalabu huwa ni kuomba radhi. Hivyo hujiuliza: kwani huyu ndiye aliyeniangusha?

Aidha, kuna nomino ambazo Kiingereza hakikubali zihesabiwe. "Advice", "information", "furniture", "equipment" na "luggage" hazichukui alama ya wingi. Kwa kuwa Kiswahili huruhusu viti viwili na ushauri wa aina tatu bila matatizo, wengi huongeza herufi s mwishoni mwa maneno hayo katika barua za kuomba kazi, na msomaji wa barua akatambua kosa kabla hajafika kwenye sifa za mwombaji.

Neno na wenzake

Njia rahisi ya kuelewa ugumu huu ni kukitazama Kiswahili kwa macho ya mgeni. Mswahili hupiga simu, hupiga picha, hupiga pasi, hupiga deki, hupiga mswaki na hupiga kura. Hakuna anayeumizwa. Mgeni aliyejifunza kwamba kupiga ni kutandika kwa fimbo au mkono hawezi kukisia matumizi hayo kwa akili yake tu. Akifasiri kutoka Kiingereza atasema "kuchukua picha" na "kufanya simu", na Waswahili watamwelewa huku wakitabasamu.

Ndivyo ilivyo pia upande wa pili. Mwingereza hu-"make" kosa lakini hu-"do" kazi ya shule, na hu-"take" picha. Mvua ambayo Mswahili huiita kubwa, Mwingereza huiita "heavy", yaani nzito. Hakuna kanuni inayoeleza kwa nini iwe hivyo. Maneno hayo yamezoeana kama majirani.

Mwaka wa 1933, taasisi iliyoongozwa na Mwingereza Harold Palmer jijini Tokyo, Japani, ilitoa ripoti iliyokusanya mafungu ya namna hiyo kwa ajili ya wanafunzi wa kigeni. Mnamo 1957, mtaalamu wa isimu J. R. Firth alishikilia kwamba sehemu ya maana ya neno imo katika maneno yanayoandamana nalo. Mtu hujulikana kwa wenzake; neno vilevile.

Wenzi wasumbufu kuliko wote ni vihusishi. Kiswahili hubadilisha maana ya kitenzi kwa kuongeza kiambishi mwishoni: piga, pigia, pigana, pigisha. Kiingereza aghalabu huongeza neno dogo baada ya kitenzi. "Look after" ni kutunza, "look into" ni kuchunguza, "look down on" ni kudharau, na "look forward to" ni kusubiri kwa hamu. Anayejua "look" peke yake hajui lolote kati ya hayo manne. Kinyume chake, vipo vitenzi visivyotaka neno hilo dogo. "Discuss" hakihitaji "about", ingawa katika mikutano mingi nchini viwili hivyo husikika pamoja.

Uzito na ladha

Maneno mawili yanaweza kuwa na maana moja kisha yakatofautiana kwa heshima. Mswahili analijua jambo hili vyema: mnyama hufa, mzee mheshimiwa huaga dunia. Hakuna anayehitaji kufundishwa tofauti hiyo.

Katika Kiingereza, tofauti nyingi za aina hii zina historia. Mwaka wa 1066, Wanormani kutoka kaskazini mwa Ufaransa waliiteka Uingereza, na kwa muda mrefu lugha ya wakubwa ikawa Kifaransa. Mkulima aliyechunga mnyama alimwita "cow" au "sheep". Nyama yake ilipofika mezani kwa bwana iliitwa "beef" au "mutton". Hadi leo maneno yaliyotoka Kifaransa na Kilatini huelekea kuwa rasmi zaidi kuliko yale ya asili. "Buy" na "purchase" yote ni kununua, lakini mtu anayesema ame-"purchase" andazi husikika kama karani anayemsomea rafiki yake stakabadhi.

Hapo ndipo wanafunzi wengi hukosea. Wamefundishwa kwamba insha nzuri ni ile iliyojaa msamiati mzito, nao huyachomeka maneno makubwa kila mahali. Matokeo yake ni insha iliyovaa koti la harusi kwenda shambani.

Mbali na uzito, kuna ladha. "Famous" na "notorious" yote humhusu mtu anayejulikana sana, ila la pili ni la mtu anayejulikana kwa ubaya. Mwanafunzi anayeandika kwamba mwalimu wake mkuu ni "notorious" kwa bidii yake amemsifu kwa neno linalomfaa mhalifu sugu. Vivyo hivyo, "slim" ni mwembamba wa kupendeza na "skinny" ni kimbaombao.

Kamusi iliyoandikiwa wageni

Kwa karne nyingi kamusi za Kiingereza ziliandikiwa Waingereza. Zilieleza maana ya neno, lakini hazikuhangaika kueleza jinsi ya kulitumia, kwa kuwa msomaji alidhaniwa kuwa na ujuzi huo tayari.

Aliyebadilisha hali hiyo ni Albert Sydney Hornby, mwalimu Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1898. Katika miaka ya 1920 alikwenda Japani kufundisha fasihi ya Kiingereza katika chuo cha biashara mjini Oita. Aligundua upesi kwamba wanafunzi wake walihitaji lugha yenyewe kabla ya fasihi. Baadaye alishirikiana na Palmer, na pamoja na walimu wenzake wawili, E. V. Gatenby na H. Wakefield, akatunga kamusi ya aina mpya.

Kamusi hiyo ilionyesha miundo ya sentensi ambayo kila kitenzi hukubali, ikatenga nomino zinazohesabika na zisizohesabika, na ikatoa mifano ya matumizi. Ilichapishwa Tokyo mwaka wa 1942, wakati Uingereza na Japani zilikuwa vitani. Mwaka wa 1948 ilitolewa upya na shirika la uchapishaji la Oxford, na ndiyo chimbuko la kamusi ya Oxford ya wanafunzi inayojulikana hadi leo. Hornby aliaga dunia mwaka wa 1978.

Mwalimu mwingine, Michael West, aliyefundisha Bengal, alishughulikia swali la maneno yapi yaanze. Orodha yake ya mwaka wa 1953 ilikuwa na takribani maneno 2,000 yenye manufaa zaidi kwa mwanafunzi. Mwaka wa 2000, Averil Coxhead wa New Zealand alitoa orodha ya familia 570 za maneno yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma. Kwa hivyo, asiyejua pa kuanzia ana ramani.

Mwaka wa 1987, kundi lililoongozwa na John Sinclair katika Chuo Kikuu cha Birmingham lilichapisha kamusi ya COBUILD, ambayo mifano yake ilitolewa katika maandishi halisi yaliyochambuliwa kwa kompyuta. Fasili zake huandikwa kwa sentensi kamili, ili msomaji alione neno likiwa kazini.

Leo kamusi kadhaa za namna hii hupatikana bila malipo katika intaneti, hata kwa simu. Kamusi ya kufasiri, kama ile ya Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa na TUKI mwaka wa 1996, humpa msomaji kisawe cha haraka. Kamusi ya wanafunzi humpa matumizi. Mtu mwangalifu huzitumia zote mbili.

Namna ya kulifuga neno

Kila mtu, hata katika lugha ya mama, huyaelewa maneno mengi kuliko anayoyatumia. Kazi ya mwanafunzi ni kulihamisha neno kutoka upande wa kuelewa hadi upande wa kutumia, bila pupa.

Hatua ya kwanza ni kulikuta neno ndani ya sentensi, wala si katika orodha tupu. Msomaji akisie maana kwa kutazama maneno yaliyo karibu, kisha afungue kamusi ahakikishe. Asiridhike na maana iliyoandikwa kwanza. Asome zote, achague inayolingana na sentensi yake.

Ya pili ni kuandika neno pamoja na wenzake. Badala ya kuandika "decision" peke yake daftarini, aandike "make a decision". Akiona herufi C au U kando ya nomino, ajue kwamba ya kwanza huonyesha nomino inayohesabika na ya pili isiyohesabika.

Ya tatu ni kulisikia. Katika Kiswahili, mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara. Katika Kiingereza mkazo huhama, na ukihama huweza kubadilisha aina ya neno. "Record" yenye mkazo mwanzoni ni nomino. Ukiwa mwishoni ni kitenzi. Tena, maandishi hudanganya: herufi b haisikiki katika "debt", wala p katika "receipt". Kamusi za intaneti hutoa sauti, na ni vyema kuisikiliza kabla ya kusimama mbele ya watu.

Ya nne ni kulijaribu mahali pasipo na hasara. Neno jipya litumiwe kwanza katika shajara, au katika mazungumzo na rafiki anayeweza kusahihisha. Barua ya kuomba kazi si mahali pa majaribio.

Ya tano ni kulirudia. Mwaka wa 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Aliona kwamba mtu husahau upesi sana mwanzoni, na kwamba kurudia kwa vipindi vilivyoachana husaidia kuliko kukariri kwa mkupuo. Neno linalotazamwa leo, kesho na wiki ijayo hukaa.

Kiingereza cha hapa nyumbani

Si kila tofauti ni kosa. Mkenya anayesema ana-"tarmac" anatafuta kazi mjini kwa miguu, na kila Mkenya humwelewa. Mwaka wa 2022, kamusi kuu ya Oxford iliingiza maneno mengi ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, likiwemo "nyama choma". Lugha ni ya wanaoitumia.

Kinachotakiwa ni kujua uko wapi. Barazani, "severally" yaweza kuendelea kuwa mara kadhaa bila mtu kupoteza ng'ombe wala shamba. Katika hati ya mkopo, maana inayotawala ni ya sheria, na korti haitauliza aliyetia sahihi alikuwa akifikiria nini.

Wala umri si kizuizi. Joseph Conrad, aliyezaliwa mwaka wa 1857 katika familia ya Wapolandi, alifika Uingereza mwaka wa 1878 akiwa na miaka 20 na Kiingereza kidogo sana. Kilikuwa lugha yake ya tatu, baada ya Kipolandi na Kifaransa. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka wa 1895, miaka 17 baadaye, na leo anahesabiwa miongoni mwa waandishi wakubwa wa lugha hiyo. Lafudhi yake ya kigeni haikumtoka hadi kufa.

Kizuizi kikubwa zaidi nchini ni aibu. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1986, Decolonising the Mind, marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza jinsi wanafunzi wa enzi ya ukoloni walionaswa wakizungumza Gĩkũyũ shuleni walivyochapwa au kuvishwa kibao cha fedheha shingoni. Kiingereza kikawa kipimo cha akili. Mtu aliyelelewa hivyo huona haya kuuliza maana ya neno mbele ya karani, akaona heri atie sahihi.

Lakini karani halipi deni. Mdhamini anayesita, akaweka kidole juu ya neno "severally" na kusema, "Hili hapa lina maana gani?", hajajionyesha mjinga. Huenda yeye ndiye pekee chumbani aliyesoma karatasi ile sawasawa. Kuuliza si ujinga, na kwa neno kama hilo, kuuliza ni kulinda shamba.